Miaka Thelathini na Mitatu Kwenye Kiti cha Mwisho

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi na moja jioni, msimamizi mkuu wa mitambo ya bustani yetu ya burudani atakabidhi funguo zake baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Wageni wanamjua kama yule mama mwenye kofia ya njano na filimbi ambayo haipulizi kamwe. Sisi tunamwita Mama Foleni. Jina hilo tulikuwa tukilitumia kisirisiri, mpaka siku alipolisikia, akaenda nyumbani, na kesho yake akarudi amelitarizi kwenye koti lake la kazi kwa uzi mwekundu.

Wenye kumbukumbu nzuri watasema mahesabu hayajakaa sawa, kwa kuwa bado ana miaka miwili kabla ya kufikia umri wa kustaafu. Ni kweli. Maneno yameshaanza kupita jikoni na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo: wengine wanasema amefukuzwa, wengine wanasema amekosana na meneja, na mmoja wetu, ambaye sitamtaja ila anauza bisi karibu na lango, anaapa kwamba Mama ameshinda bahati nasibu. Mwenyewe ameniomba niandike sababu halisi, yote, bila kuipaka sukari, kisha niisome ukumbini Ijumaa. Nitaifikia. Nimeomba tu ruhusa ya kuanza na mambo ya kucheka, kwa sababu sababu hiyo inanigusa na mimi, na bado sijaizoea.

Alifika hapa mara ya kwanza kama mgeni, siku mbili baada ya harusi yake, akiwa na mumewe ambaye ni fundi cherehani. Bwana harusi alipanda farasi wa kuzunguka, akashuka rangi imemtoka, na tangu siku hiyo hajapanda kitu chochote kirefu kuliko kiti chake cha kazini. Bibi harusi alipanda vyote, akarudia vyote, kisha akaenda ofisini kulalamika. Hakulalamikia vumbi wala wahudumu. Alisema foleni ya gurudumu kubwa imepangwa juani ilhali kivuli kiko upande wa pili hakina mtu. Meneja wa wakati huo alichoka kumsikiliza, akamwambia kama anajua sana basi aje aipange mwenyewe. Jumatatu iliyofuata, saa moja asubuhi, alikuwa langoni na chakula chake cha mchana mkononi.

Alipanga foleni ile mwaka mzima. Akahamia vikombe vya kuzunguka, akaenda vigari vya kugongana, na hatimaye akapewa Roho Mkononi. Kwa wale wanaofanya kazi upande wa pili wa bustani na hawajawahi kutusogelea, Roho Mkononi ni ile treni fupi ya mabehewa sita inayopanda polepole mpaka juu ya miti, inatulia kidogo ili mtu apate nafasi ya kujuta, halafu inaporomoka. Ameiendesha na kuisimamia kwa zaidi ya miaka ishirini na miwili, ukiondoa miezi kumi na mmoja ya adhabu, ambayo nayo nitaieleza.

Mama ana msimamo kuhusu kila kitu kinachotendeka ndani ya uzio wa bustani ya burudani. Mgeni mwenye akili, anasema, akivuka lango ageuke kushoto, kwa sababu watu wengi hugeuka kulia na hawajui hata kwa nini. Ale baada ya kupanda vikombe, si kabla. Sheria hii aliitunga baada ya tukio ambalo wafagiaji hawajalisahau, maana siku hiyo aliyekula kabla alikuwa yeye. Viti vya mbele ni vya watu wanaotaka kuonekana, na kiti cha mwisho ni cha wale waliokuja kupanda, kwa kuwa huko nyuma ndiko mtu anakorushwa hasa. Miwani iwekwe mfukoni, kamba za viatu zifungwe, na anayejisikia kupiga mayowe asijizuie kwa sababu ya cheo chake.

Kuhusu kuendesha bustani ni mkali zaidi. Kwake yeye bustani hupimwa kwa vyoo na mabenchi, mitambo baadaye. Mabenchi ni ya watu kama mumewe, ambao hawapandi kitu, kazi yao ni kushika mikoba ya wanaopanda. Kila familia ina mmoja, na huyo akikosa pa kukaa, familia nzima itaondoka saa nane mchana. Ndiyo maana leo tuna mabenchi mia moja na kumi na mawili, yote kivulini, na yale ya karibu na Roho Mkononi yana ndoano za kutundikia mikoba, ambazo kimo chake kilipimwa na fundi cherehani mwenyewe kwa futi yake ya kazini.

Halafu kuna foleni. Anaamini kuwa foleni ndiyo mchezo mrefu kuliko michezo yote tuliyo nayo, kwa hiyo nayo iendeshwe kama mchezo. Aliwahi kuweka vioo vya kupinda kwenye kona ya pili ili watu wajitazame wamekuwa wanene na wafupi, na meneja wa pili akaviondoa kwa sababu watu walikuwa wanakataa kusonga mbele. Aliandika kwenye ubao kwamba kusubiri ni dakika arobaini wakati ukweli ni ishirini na tano, na kila aliyefika mbele alifika akijiona mjanja. Meneja wa tatu alileta ubao wa umeme unaosema kweli. Malalamiko yakajaa sanduku ndani ya wiki mbili, na meneja akamwita Mama kimyakimya aje aurekebishe ule ubao. Huo ndio uongo pekee ninaoujua kwake.

Likizo zake zote amezitumia kwenye bustani za watu wengine. Hupanga mstari kama mgeni yeyote, akiwa na daftari mfukoni na mumewe benchini. Kuna mwaka alikuta foleni imejipinda hovyo mbele ya mashua ya bembea, wazee wamebanwa na uzio, watoto wanalia. Alijizuia kwa dakika nne, mumewe alihesabu. Baada ya hapo akaingia katikati na kuanza kuwapanga, na watu wakamtii, maana Mama akinyoosha mkono hata wewe usiyehusika unajikuta umesogea. Walinzi wakamkamata na kumpeleka ofisini. Alikaa humo saa nzima, na alipotoka alikuwa amemwachia meneja wao mapendekezo kumi na mawili ya maandishi. Miezi sita baadaye ikaja barua ya shukrani. Walikuwa wametekeleza yote isipokuwa la tisa, lililomtaka meneja apange foleni na wageni wake kila Jumamosi.

Sasa ile adhabu. Miaka kumi na minane iliyopita, Jumamosi ya kwanza ya likizo za shule, watu zaidi ya mia nne wakiwa kwenye foleni ya Roho Mkononi, Mama alisikia mkwaruzo akasimamisha treni. Mafundi walifungua kila kinachofunguka. Ilipofika saa ya tano ya kutafuta wakapata kitana cha plastiki, kimebanwa chini ya kiti cha behewa la mwisho, kikikwaruza sakafu kila treni inapokata kona. Hapakuwa na ubovu wowote. Mama alitembea kutoka kichwa cha foleni hadi mkia akimwomba radhi mtu mmoja mmoja, wakiwemo waliokuwa ndio kwanza wamefika na hawakujua wanaombwa radhi ya nini. Meneja, amevimba kwa hasira, akampeleka kwenye treni ndogo ya watoto mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Mama alisema, “Leo kitana, kesho boliti,” akachukua kofia yake akaenda.

Kule kwa watoto aliamua kwamba wanasesere nao ni abiria. Kila mmoja alipewa tiketi na kufungwa mkanda. Waliopimwa kwenye rula ya langoni wakaonekana wafupi mno walipewa barua rasmi ya kuwataka warudi wakikua, na safari hiyo wakaruhusiwa kukaa mapajani. Zikaja familia zenye mtoto mmoja na madubu saba. Mwezi wa kumi na moja wa adhabu, foleni ya treni ndogo ilifika kwenye vyoo, Roho Mkononi ikiwa haina mtu, na meneja akamrudisha Mama kwa cheo cha juu kuliko kile alichomvua.

Aliporudi alikuja na utaratibu ambao hadi leo sijauona kwingine. Kila asubuhi kabla lango halijafunguliwa, treni yetu hupanda mara tatu. Mara ya kwanza viti vyote vina mifuko ya mchanga. Mara ya pili anapanda Mama peke yake, kiti cha mwisho, macho amefumba, akisikiliza. Mara ya tatu anapanda fundi wa zamu, kiti hichohicho, macho yamefumbwa vilevile. Kisha wawili hao wanaingia kwenye kibanda cha kuendeshea, wanapeana mgongo bila kusemezana, na kila mmoja anaandika kwenye kikaratasi alichokisikia. Vikaratasi vinawekwa mezani pamoja. Kilichoandikwa kwenye kimoja tu kinatosha: kinaingizwa kwenye daftari la hitilafu, na treni haiondoki mpaka fundi wa vyuma akague. Mara nyingine imekuwa ni ndege tu aliyetua relini, na fundi wa vyuma akakagua ndege.

Nimekuwa fundi wa zamu kwa miaka kumi na mitatu. Mwaka wangu wa kwanza Mama alikuwa akisikia mambo saba mahali ambapo mimi nilisikia upepo. Alinifundisha taratibu, akiniketisha chini ya reli na kunigongea vyuma kimoja kimoja, na hata nilipoiva, kikaratasi chake kilikuwa na mstari mmoja zaidi ya changu. Nilizoea hivyo. Kwangu mimi sikio la Mama lilikuwa sehemu ya mtambo.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu mwaka huu nilisikia, mara baada ya kilele, upande wa kushoto, mlio mwembamba wa chuma. Nikauandika. Nilipogeuka nikaona kikaratasi cha Mama kabla sijaweka changu. Kilisema: Hakuna. Nikakunja changu nikakitia mfukoni, nikachukua kingine, nikaandika na mimi: Hakuna. Nilijiambia kwamba mama anayesikia hadi ndege hawezi kupitwa na mlio, kwa hiyo mlio haukuwepo. Lango likafunguliwa, watu wakapanda. Jumatano nikausikia tena, na nikafanya vilevile. Niliona aibu kuwa na mstari ambao yeye hana. Leo naona aibu nyingine kabisa.

Alhamisi alfajiri, kabla treni haijapanda, fundi wa vyuma alikuwa akipaka grisi, akakuta gurudumu la pembeni la behewa la tano, upande wa kushoto, beringi yake imekauka na imeanza kulika. Alisema ingevumilia siku kadhaa, baada ya hapo asingependa kusimulia. Akaja kibandani na ile beringi kiganjani, akauliza bila hila yoyote ni nani kati yetu aliyeisikia, maana chuma cha namna hiyo lazima kilie. Mama akanitazama. Nikatoa mfukoni vikaratasi viwili, cha Jumanne na cha Jumatano, nikaviweka mezani.

Alivisoma polepole. Akauliza ni watu wangapi wamepanda kwa siku hizo mbili, nikamwambia elfu moja mia sita na arobaini. Hakunikaripia, na ningefurahi kama angenikaripia. Alimwambia fundi wa vyuma abaki awe shahidi, akanigeuzia mgongo, akanitaka nitikise funguo karibu na masikio yake, nichague mwenyewe lipi, naye atanyoosha mkono kila atakaposikia. Kwenye sikio la kulia alinyoosha kila mara. Nikahamia la kushoto, nikatikisa, nikatikisa tena mpaka mkono ukaniuma. Alikuwa amesimama mikono chini, akingoja nianze.

Tulipomwambia, alivuta daftari la hitilafu, akachukua kalamu, akaandika kama anavyoandika siku zote: “Kifaa: sikio la kushoto la msimamizi mkuu. Hitilafu: halisikii sauti nyembamba. Hatua: liondolewe kazini.” Akapiga mstari. Chini yake akaandika tena: “Kifaa: ulimi wa fundi wa zamu. Hitilafu: unakwama mbele ya mkubwa. Hatua: ulainishwe, kisha ujaribiwe mbele ya watu.” Fundi wa vyuma alicheka hadi akashika meza. Mimi nilicheka wiki iliyofuata.

Daktari amempa kifaa cha kusikilizia. Kinamsaidia kuwasikia wajukuu, na mumewe pia, ingawa anadai hapo hakukuwa na haraka. Ile milio myembamba haitarudi. Uongozi ulimpa heshima ya kumtafutia meza ofisini amalizie miaka yake miwili. Akaenda kuijaribu siku moja. Dirisha lake linatazama maegesho ya magari, na Roho Mkononi haionekani wala haisikiki kutoka pale. Saa sita mchana alishuka, akaja kibandani, akaandika barua ya kustaafu kwenye meza ileile ya vikaratasi. Alilia, nami nililia, na hatukutafuta cha kusingizia. Mtu anayependa kazi namna hii hakuondolewa na yeyote; alijiondoa mwenyewe, kwa sababu kiti kile kinahitaji mtu anayesikia na yeye aliwapenda watu wa foleni kuliko kiti.

Aliomba mambo mawili tu: sababu ijulikane, na kiti cha mwisho nipewe mimi. Meneja alimuuliza, kwa haki kabisa, anawezaje kumpendekeza mtu aliyemficha siku mbili mfululizo. Nimeambiwa Mama alijibu kwamba mtu aliyeamua kudanganya huchana karatasi, na huyu alizibeba mfukoni siku zote mbili. Sijui kama nilistahili utetezi huo. Ninajua kwamba tangu mwezi wa nne ninapanda mimi mara ya pili, na mwenzangu wa zamu anapanda mara ya tatu, na wiki ya kwanza tu kikaratasi chake kilikuwa na mstari ambao changu hakikuwa nao. Akakiweka mezani bila kunitazama usoni wala kuomba radhi. Ilikuwa nati ya kibao cha matangazo imelegea. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi hivyo kazini.

Tunamshukuru Mama kwa mabenchi, kwa vivuli, kwa kila mwenzetu aliyemfundisha kukaa chini ya reli na kusikiliza. Tunamshukuru mumewe kwa kutuazima mke wake Jumamosi zote hizi. Kuanzia mwezi ujao wawili hao wataanza kuzitembelea bustani kumi na moja ambazo Mama hajazifikia, na mameneja wa huko, kama kuna anayewajua, wapewe taarifa mapema.

Mama, tunakuombea afya njema, miguu isiyochoka, na siku ndefu za kupanda chochote utakacho. Na kabla hujaondoka ukumbini kuna kazi moja imebaki. Unajua kwamba hitilafu kwenye daftari letu hufungwa kwa sahihi ya aliyeiandika. Ya sikio umekwisha kuifunga kwa barua yako. Ya pili iko wazi tangu mwezi wa tatu. Nimesimama hapa nimeisoma kwa sauti, mbele ya wafanyakazi wote, mbele ya meneja, mbele ya mumeo: wewe hukusikia, mimi nilisikia nikanyamaza, na watu elfu moja mia sita na arobaini walipanda. Daftari liko mezani mbele yako, limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Kama ulimi umelainika, tafadhali weka sahihi. Kama bado, sema, nianze kusoma upya.